Nafasi Iliyobaki

Desemba 2012 binamu yangu aliniazima kamera yake, Nikon D3100, pamoja na kadi moja ya GB 2. Tulikuwa tunaenda ushago, Kakamega, ukoo mzima, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Ndani ya matatu nikafungua menyu. Kwenye ubora wa picha kulikuwa na FINE, NORMAL na BASIC. Kwenye saizi, L, M na S. Nikiweka FINE na L, kamera ilinionyesha nina nafasi ya picha mia mbili na kitu. Siku nne, watu arobaini, picha mia mbili? Wapi! Nikashuka hadi BASIC na S. Namba ikaruka hadi maelfu. Nikajiona mjanja kweli.

Nilipiga picha karibu elfu moja. Mbuzi kabla, mbuzi baada. Keki. Watoto wa shangazi wakipigania soda. Na moja ya Baba, amesimama kando ya ua, redio kwapani, anacheka. Baba hakuwa mtu wa kucheka mbele ya kamera. Akiiona tu, alisimama wima kama anayesikia wimbo wa taifa. Hiyo nilimwibia, tena kutoka mbali.

Alifariki 2019. Mama akataka picha hiyo hiyo, kwa jalada la programu ya mazishi na kwa bango la getini. Nikaipeleka kwa jamaa wa kuprinti. Akaikuza kwenye skrini, akaikuza tena. Uso wa Baba ukavunjika vipande vya mraba, kama sakafu ya vigae.

"Bosi, hii umeitoa WhatsApp. Nipe original."

"Hiyo ndiyo original."

Hakusema kitu. Akaifunga polepole, akaniuliza kama tuna nyingine.

Baadaye nilisoma nikaelewa nilichofanya. JPEG huigawa picha kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila mraba hutupa yale madogo ambayo jicho haliyatambui sana. Ukibana kidogo, hutajua kuna kilichotoka. Lakini kwa kamera kama ile, FINE hubana faili hadi takriban robo, na BASIC hadi sehemu moja ya kumi na sita. Halafu S nayo ilikuwa imeshapunguza picha yenyewe hadi pikseli 2304 kwa 1536. Ukiichapisha vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, haifiki hata inchi 8 kwa upana. Na Baba alikuwa kipande kidogo tu cha hiyo picha. Ile mikunjo ya macho yake akicheka, kwa hesabu ya kamera, ilikuwa katika yale madogo. Unaweza kulikuza faili upendavyo, lakini kilichotupwa hakirudi.

Tukatumia picha ya kitambulisho. Mama alisimama mbele ya bango kwa muda, leso mkononi.

"Huyu ni baba yenu akiwa kwa ofisi ya chifu," akasema, akaingia ndani.

Siku hizi nikipiga watu naweka FINE na L, na RAW juu yake. Kadi ikijaa, nanunua nyingine. Mbuzi ndio wanaweza kupigwa BASIC.

Ile picha niliiprinti mwishowe, saizi ya postikadi, bila kuikata: ua, redio, kuku mmoja anapita, na Baba kwa mbali. Kwa saizi hiyo miraba haionekani. Mama ameiweka juu ya kabati, kando ya TV. Mgeni akitaka kuiona vizuri lazima ainuke kitini aisogelee.

Pasaka iliyopita Mama aliishika, akaisogeza karibu na macho.

"Mwanangu, kwani hapa kamera ilikuwa imejaa? Mbona ulimpiga mdogo hivi?"

Nilipomrudishia binamu yangu ile kamera, kadi ilikuwa bado na nafasi ya picha zaidi ya elfu mbili. Nilikumbuka hiyo namba vizuri.

"Ndiyo, Mama," nikamwambia. "Ilikuwa imejaa."