Nyota Hazilipi Stima, Lakini Nitazipigia Hesabu

Ukisoma fizikia hapa Kibokoni kuna swali utaulizwa tu, barazani au harusini: "Hizo nyota zitakulipia stima?" Mimi ami yangu huniuliza kila Idi. Sasa wacha nijibu hapa, manake pale huwa sipewi nafasi ya kumaliza.

Ninachosoma ni miale ya kosmiki. Jina linadanganya kidogo, si mwanga. Ni chembe, nyingi zake protoni, zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga ndani ya gesi iliyotanda baina ya nyota. Mwaka 1912 Victor Hess alipanda na puto akaona mionzi inazidi kadiri anavyokwenda juu. Mwaka 1949 Enrico Fermi akaeleza jinsi chembe zinavyoweza kupata kasi hiyo.

Fikiria watoto wanacheza mpira kichochoroni. Mpira ukigonga ukuta, unarudi vile vile. Ukigonga mkokoteni unaokuja mbele, unarudi mkali zaidi. Haya, ugonge huku na huku mara elfu. Nyota ikilipuka, gesi yake huja kama huo mkokoteni, na sumaku iliyo ndani ya gesi ndiyo inayozirudisha chembe.

Utamu uko hapa: chembe nazo huisukuma gesi. Kwenye galaksi yetu msukumo wao unakaribiana na wa gesi yenyewe. Huwezi kuhesabu kimoja ukaacha kingine, na kwa kalamu hufiki mbali. Kwa hivyo kompyuta inakata anga vijumba vijumba. Kila kijumba kinaulizwa: gesi kiasi gani imeingia kutoka kwa jirani, kiasi gani imetoka, chembe zimesukuma vipi? Halafu saa inasogezwa hatua moja ndogo, yote yanaanza upya. Hatua ikiwa ndefu kuliko muda wa gesi kuvuka kijumba kimoja, hesabu inaharibika na unaletewa upuzi.

Na usiniambie haya ni mambo ya watu wa mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wakaiita Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Novemba 1972 ikafuata SAS-2, pale pale. Hii ilitafuta miale ya gama, ambayo huzaliwa miale ya kosmiki inapogonga gesi. Ilifanya kazi mpaka Juni 1973 tu, lakini ilionyesha kwamba miale hiyo inafuata umbo la galaksi yetu. Kwa nini hapa? Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukingwa na sumaku ya dunia, kwa hivyo chembe za kuivuruga huwa chache. Pwani yetu haikuchaguliwa kwa sababu ya madafu.

Kinachoniuma ni kwamba roketi ziliruka kwetu, hesabu zikapigwa kwao. Tangu 1988 jukwaa lile halijarusha tena. Zamani ungesema hatuna vyombo. Leo programu za kazi hii, kama Athena++ na PLUTO, zinapatikana bure. Ukitaka galaksi nzima, ndiyo, utahitaji mashine kubwa. Lakini kuanza na mstari mmoja wa vijumba 200, laptopu ya mtumba inatosha. Yangu inamaliza kabla chai haijapoa.

Stima je? Ami, nyota zenyewe hazilipi. Lakini hesabu hii ya kilichoingia na kilichotoka ni ndugu ya ile inayotabiri mvua, upepo wa kusi, na mafuta yakimwagika Kilindini yatasambaa upande gani. Anayeijua moja hapotei kwenye nyingine. Na hata isingekuwa hivyo, mtu ana haki ya kutaka kujua kinachopita juu ya paa la nyumba yao.

Kwa hivyo wewe ulie fomu four na unaambiwa uachane na fizikia: usibishane na mtu. Andika vijumba kumi vya mwanzo. Ukikwama niandikie, tukwame pamoja.