Mzee Anayekuja na Meli ya Moshi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mgeni Uholanzi, nilishangaa kuona watu wazima, wenye vyeo na tai shingoni, wakitoroka kazini mapema tarehe 5 Desemba. Krismasi ilikuwa bado. Nikaambiwa ni jioni ya Sinterklaas, watu wanawahi nyumbani kumalizia mashairi.

Mashairi hayo ndiyo yaliyoninasa, mimi mtu wa Tanga niliyekulia kwenye vina na mizani. Kila zawadi huja na shairi linalomsema mpokeaji waziwazi: uvivu wake, ubahili wake, baiskeli yenye kutu asiyotaka kuitengeneza. Mwenyewe hulisoma kwa sauti mbele ya wote, akicheka huku masikio yamemwiva. Chini pameandikwa Sinterklaas, basi. Nikaikumbuka kanga: mvaaji kapita zake, mlengwa kasoma, na hakuna pa kumshikia mtu. Wengi husema sherehe hii ni ya watoto. Mimi naona wanaoihitaji zaidi ni wazazi wao, maana ni usiku mmoja tu wa mwaka ambao mtu hutoa bila kudaiwa shukrani na husema bila kuulizwa.

Mzee mwenyewe ana asili ya mbali. Ni Mtakatifu Nikolaus, askofu wa karne ya nne wa mji wa Mira, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Waholanzi humpokea kila Novemba akitokea Uhispania kwa meli ya moshi, joho jekundu, farasi mweupe, na tangu 1952 mapokezi ya kitaifa huonyeshwa kwenye televisheni. Meli hiyo, pamoja na mtumishi mweusi anayemfuata, vilienezwa na kitabu cha 1850 cha Jan Schenkman, mwalimu wa Amsterdam. Wakati huo Uholanzi bado ilikuwa na watumwa Suriname. Ilipiga marufuku utumwa huko mwaka 1863.

Mtumishi huyo, Zwarte Piet, ndiye niliyeshindwa kumzoea. Wazungu waliopakwa rangi nyeusi usoni, midomo myekundu, nywele bandia za kipilipili, hereni za dhahabu. Walikuwa wachangamfu, wakirusha peremende kwa kila mtu, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu: utamgombezaje mtu anayempa mwanao peremende? Siku moja dukani mtoto mdogo alinitazama kwa furaha, akamwuliza mama yake kwa nini Piet huyu hajavaa kofia yake. Mama aliona haya kuliko mimi.

Kwa miaka mingi, ukilitaja jambo hilo uliambiwa ni masizi ya dohani tu. Mwaka 2011, huko Dordrecht, Quinsy Gario na Jerry Afriyie walisimama wakiwa na fulana zilizosema kwamba Zwarte Piet ni ubaguzi wa rangi, polisi wakawakamata. Mwaka 2014 mapokezi ya Gouda yalimalizika kwa watu 90 kukamatwa. Mwaka 2017 watu wa Friesland walifunga barabara kuu ili mabasi ya waandamanaji waliompinga Piet yasifike kwenye mapokezi ya Dokkum. 34 kati yao walitiwa hatiani baadaye. Kisha, mwaka 2019, Piet walioshuka melini Apeldoorn walikuwa na michirizi ya masizi mashavuni tu, kama watu waliopita kwenye dohani kweli. Mwaka uliofuata waziri mkuu Mark Rutte alikiri bungeni kwamba mtazamo wake umebadilika.

Watu walililia mila kana kwamba wanazika. Kwetu mwanangu wa mwisho alikuwa anaweka kiatu sebuleni na karoti ya farasi ndani yake, kama dada yake kabla yake, wala hakujali Piet ana rangi gani. Aliuliza lini biskuti za viungo zitakuja. Dada yake alikuwa ameshaijua siri tangu akiwa na miaka minane, na siku alipoijua hakulia: aliomba kazi. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa anaing'ata karoti usiku ili ionekane farasi amekula, na kwa ukali alitukataza tusicheke.

Mwaka mmoja tulimpelekea mama yangu, Tanga, herufi ya kwanza ya jina lake iliyotengenezwa kwa chokoleti, kama wanavyopewa watu wote huku. Akapiga simu kuuliza nani kaituma. Nikamjibu ni Sinterklaas.

"Mwanangu, zawadi bila mwenyewe? Kwetu sahani hairudi tupu."

Nikamweleza kwamba mzee huyu hadai kitu, ana umri wa miaka zaidi ya elfu moja na mia sita. Akanyamaza kidogo, akasema kwa umri huo basi nimfikishie shikamoo yake. Mwezi uliofuata mgeni kutoka nyumbani akatuletea mfuko wa korosho, umeandikwa kwa kalamu: wa mzee wa meli. Tuliumaliza usiku huohuo, na mwanangu wa mwisho akasisitiza tumbakizie farasi.