Mapigo Matatu

Jumatatu, 15 Aprili 2013
Matatu tu. Ndani ya vipande vya silikoni, mita 700 hivi chini ya ardhi katika mgodi mkongwe wa chuma wa Soudan, Minnesota, kundi la CDMS, linalosaka maada nyeusi, limenasa mapigo matatu. Takataka za kawaida zingeleta pungufu ya moja. Kama ni maada nyeusi, chembe yake ina uzito wa GeV 8.6, sawa na protoni tisa hivi. Nyepesi mno! Tulizoea kuiwazia ya GeV 100. Nataka iwe kweli, na hilo lenyewe linanitisha.

Jumapili, 5 Mei
Nahangaika na neutralino, chembe ya kinadharia inayoweza kuwa maada nyeusi. Nadharia ya supasimetria huipa kila chembe pacha, na pacha mwepesi kuliko wote hana cha kuozea, hudumu. Tatizo ni mabaki. Ulimwengu ulipokuwa mchanga, neutralino zilikutana mbilimbili zikaangamizana. Zile nyepesi huangamizana kwa uvivu, kwa hiyo zingesalia nyingi kupita maada nyeusi iliyopo. Kuzisaidia kunadai pacha wengine wepesi wenye chaji, na mashine ya LEP ya kugonganisha chembe kule Geneva iliwasaka miaka mingi isiwaone.

Jumanne, 11 Juni
Nimehamia NMSSM, toleo lililopanuliwa la supasimetria. Uga mmoja tu umeongezwa, usio na chaji: neutralino zimekuwa tano badala ya nne, na imepatikana chembe nyingine ya Higgs, nyepesi, ya kuziangamizia. Ile ya GeV 125 haijaguswa. Hesabu imekubali! Lakini nikisogeza kigezo kimoja kidogo tu, mabaki yanafurika. Je, nimeeleza jambo, au nimeshona kanzu kwa kipimo cha mapigo matatu?

Jumatano, 30 Oktoba
Kundi jingine la wasakaji, LUX, wametangaza: kilo 370 za zenoni, mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, siku 85. Chembe ya GeV 8.6 ingegonga zaidi ya mara 1,500. Haikuonekana. Wapo wanaopendekeza chembe inayogonga protoni na neutroni kwa nguvu tofauti, ili zenoni isiihisi. Neutralino yangu hugonga kupitia Higgs, nayo Higgs haibagui hivyo.

Usiku
Sikuzichana karatasi za Juni. Nimeandika pembeni tarehe ya leo. Zilitaja idadi ya mapigo, nayo ikahesabiwa. Kesho naanza tena, na safari hii nitaandika kwanza ni kipimo gani kitanikatalia.