Muuza Mitishamba Kipofu

Wazazi wengi huniuliza kama michezo ya kompyuta ni ya shetani. Mimi huwajibu kwa habari za mchezo mmoja wa zamani.

Mwaka 1985, Mmarekani Richard Garriott alitoa mchezo uitwao Ultima IV. Baada ya mchezo wake uliotangulia, wa mwaka 1983, alipokea barua nyingi, na baadhi zilimshutumu kwamba anaeneza mambo ya kishetani. Aliona pia kwamba wachezaji walikuwa wakiiba na kuua wanakijiji wasio na hatia ili tu washinde upesi. Akaamua kutengeneza mchezo ambao ndani yake tendo lina matokeo.

Mwishoni mwa Ultima IV hakuna mfalme mwovu wa kuuawa. Mchezaji anatakiwa akue katika fadhila nane: uaminifu, huruma, ushujaa, haki, kujitoa, heshima, maisha ya kiroho na unyenyekevu. Kompyuta huhesabu kimyakimya. Ukimpa ombaomba sarafu, huruma yako inapanda. Ukijitolea damu kwa mganga, kujitoa kunapanda. Muuza mitishamba ni kipofu, naye humwachia mteja ahesabu fedha mwenyewe. Ukimpunja, halalamiki, ila uaminifu wako unashuka. Hata fadhila uliyokwisha kuifikia, ukitenda kinyume chake, unanyang'anywa na kulazimika kuifikia tena.

Nampenda sana huyo kipofu. Anatuuliza sisi ni watu gani pale tusipoonekana, swali linalomhusu mtoto mwenye kompyuta sawasawa na mhesabu sadaka wa usharika.

Lakini mchezo huo una mahali unapoishia. Niliwahi kukaa kitandani pa mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa sana. Alikuwa ametumikia kanisa maisha yake yote. Akanishika mkono, akaniuliza, "Mchungaji, hivi nimefikisha?" Alikuwa akijihesabia: sadaka, vikao, wajane aliowasaidia, na siku alizokosa. Nikamwambia, "Baba, hakuna cha kufikisha. Kristo amekwisha kufikisha kwa ajili yako." Alinyamaza kitambo, kisha akalia.

Hapo ndipo Injili inapoachana na hesabu. Katika mchezo, unatenda mema ili ukubaliwe, na ukiteleza unanyang'anywa. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba tumekubaliwa kwanza, bure, kwa neema, na matendo mema yanafuata kama matunda yafuatavyo mti. Kipofu bado anastahili kulipwa senti yake yote. Tunamlipa kwa sababu ni jirani yetu, wala si kwa kutafuta alama.

Basi mzazi, kabla ya kuzima kompyuta, vuta kiti ukae karibu na mwanao. Muulize mchezo wake unamfundisha kumtendeaje asiyeweza kumwona. Kisha mwambie anapendwa hata kabla hajajibu.