Jina Lililoachwa Bila Mwenyewe

Jumapili, 1 Septemba 2024

Yaya, ndugu yangu mkubwa, ameniachia laptopu yake ya zamani, yenye Linux ndani, kwa sharti moja: nisiguse chombo chochote cha udukuzi kabla sijaandika programu inayofanya kazi ya kweli. Yeye alisoma informatiki hapa mjini, ESIS Salama, na amewaona vijana wengi wakikimbilia vyombo vya watu bila kujua ndani mna nini. "Python kwanza," ameniambia. "Halafu mitandao. Udukuzi wa kimaadili utakukuta njiani." Nina haraka, lakini nakubaliana naye.

Kibodi ni AZERTY ya Kifaransa. Kwa barua hainisumbui. Kwa Python inachosha vidole: bano la mraba la kufungulia linatoka kwa AltGr na 5, la kufungia kwa AltGr na kitufe kilicho kando ya sifuri, alama ya reli kwa AltGr na 3. Masomo karibu yote ninayoyapata yameandikwa na watu wa kibodi ya Kimarekani, na hakuna anayekumbuka kumwambia mwanafunzi wa Lubumbashi vitufe hivyo viko wapi. Nimeviandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya skrini.

Jumamosi, 7 Septemba

Programu ya kwanza yenye faida imekamilika. Kwenye kabini yangu ya kubadilishia pesa, soko la komini ya Kenya, dola na faranga zinapishana mezani siku nzima, na bei ya asubuhi huenda isiwe ya jioni. Programu inauliza bei ya dola, inauliza mteja ana dola ngapi, inatoa faranga zake na faida yangu. Ni mistari michache. Leo nimeitumia mbele ya wateja na imekubaliana na kalkuleta kutwa nzima.

Usiku nimeandika 0.1 + 0.2, na Python ikajibu 0.30000000000000004. Sikulala mpaka nikapata sababu. Kompyuta inahesabu kwa sifuri na moja tu, na katika hesabu hiyo moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho kwetu tunaohesabu kwa kumi. Mashine inaikata mahali fulani, na kasoro ya mkato huo inajitokeza baadaye. Ndiyo maana mtaalamu huziandika pesa kwa senti, namba kamili, na nukta huiweka mwishoni kwa ajili ya macho ya msomaji tu. Nimeibadilisha programu yangu yote. Furaha niliyoipata ni kubwa kuliko jambo lenyewe, lakini pesa za watu wangapi zimo ndani ya mashine, na aliyeziandikia alipaswa kulijua hili kabla ya mstari wa kwanza!

Alhamisi, 19 Septemba

Mama anayeuza sombe, yaani kisamvu, jirani na kabini amepigiwa simu na mwanaume aliyejiita mtu wa kampuni ya simu. Kifaransa kilichonyooka, kisha Kiswahili cha hapahapa alipoona mama anasitasita. Akaunti yako ya pesa inafungwa leo, taja namba ya siri tuiokoe. Alikuwa ameshafungua mdomo. Nimeishika ile simu nikaikata. "Mama, usimupe mutu namba yako ya siri, hata akisema ni mimi." Ameniangalia kwa hasira, kisha akaelewa, kisha akakaa chini. Ada ya watoto ilikuwa humo.

Jioni umeme uliporudi nimetaka kujua namba ya tarakimu nne ina nguvu gani. Kutoka 0000 hadi 9999 ziko 10,000. Nimejitungia moja, nikaipitisha kwenye SHA-256, hesabu inayoigeuza kuwa mfululizo mrefu usiorudishika nyuma, kisha nikaandika kitanzi kimoja kinachojaribu zote na kulinganisha. Jibu limetoka papo hapo, chini ya sekunde moja, kwenye laptopu iliyochoka. Kwa hiyo namba yenyewe hailindi kitu. Kinacholinda ni mfumo kukataa baada ya majaribio machache. Mwizi analijua hilo vizuri, ndiyo maana hapigi hodi kwenye mfumo. Anampigia mama wa sombe.

Vitabu vinaita kazi hiyo uhandisi wa kijamii na kuiweka sura za mwisho. Ningekuwa mimi ndiye mwandishi, ningeanza nayo. Kesho nabandika tangazo kwenye kabini, kwa herufi kubwa, na kwa Kiswahili chetu.

Jumatano, 2 Oktoba

Binamu amekuja na soda mbili baridi, nikajua ana shida. "Sasa unajua kompyuta, uniingilie mu WhatsApp ya bibi yangu." Si wa kwanza kuniomba hivyo. Nimemkatalia, na alipobisha nimemsomea Kanuni ya Dijitali ya nchi hii, ile amri ya kisheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023: kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta bila haki ni kosa la jinai. Ameondoka na soda yake. Nadhani amekasirika. Lakini hata sheria isingekuwepo ningemjibu vilevile, kwa sababu simu ya mke wake ni ya mke mwenyewe, na ndoa haimpi mtu ufunguo wake.

Idhini ndiyo inayoitenganisha kazi hii na wizi. Mbinu ni zilezile, vyombo ni vilevile. Gordon Lyon, aliyetoa Nmap, chombo cha kuchunguza mitandao, mwaka 1997, ameweka mashine moja kwa jina scanme.nmap.org na kuwaruhusu wanafunzi waichunguze kwa chombo chake, mradi wasiilemee. Nimeichunguza hiyo, na hakuna nyingine. Mitandao ya majirani naiona yote kwenye skrini, mingine haina hata pasiwedi, na siigusi.

Ninachokipenda zaidi ni mchezo wa Bandit wa OverTheWire. Unaingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh, unapewa amri za Linux tu, na kila ngazi inaficha pasiwedi ya ngazi inayofuata. Ni maandishi matupu, kwa hiyo megabaiti haziishi. Kwenye ngazi moja faili inaitwa kistari peke yake. Ukiandika cat na kistari hicho, mashine inanyamaza, inakungoja wewe uandike, kwa kuwa kwake kistari maana yake ni kusoma kutoka kwenye kibodi. Lazima useme ./- ndipo ijue kwamba unataja faili. Hakuna nguvu iliyotumika hapo, ni kujua tu mashine inasikiaje maneno yako.

Jumapili, 20 Oktoba

Bukari, ugali wetu, imepoa mezani kwa sababu ya nilichokisoma leo, na lazima nikiandike chote.

Kila tovuti inayoishia na .cd inategemea orodha fupi ya seva za majina. Kompyuta ikitafuta anwani inaanzia kwenye seva za mzizi, zenye majina 13, A hadi M. Hizo hazijui tovuti yako ilipo. Zinajua tu nani wa kuulizwa habari za .cd, naye ndiye anayeelekeza mbele. Herufi hizo mbili ni zetu tangu 1997, nchi ilipoacha kuitwa Zaire, na .zr ya zamani ilifutwa 2001.

Sasa, mmoja wa hao wa kuulizwa alikaa chini ya jina scpt-network.com. SCPT ni shirika la serikali la posta na simu, lenye dhamana ya .cd. Lakini jina lile ni la .com, la kulipiwa kila muhula kama jina la duka lolote, na mwaka 2020 muda wake ulipita bila kulipiwa. Jina la .com halipotei siku hiyohiyo. Kuna muda wa kusubiriwa, kisha siku 30 za kulikomboa, kisha siku 5 za kungoja kufutwa, na baada ya hapo yeyote mwenye kadi ya benki analichukua. Hatua zote hizo zilipita.

Aliyeliona ni Msweden, Fredrik Almroth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Detectify. Wakati wa Krismasi alikuwa akipitia seva za majina za nchi zote. Akalifuatilia jina letu, na mwishoni mwa Desemba lilipoachiwa akalinunua kabla ya mtu mwingine. Karibu nusu ya maswali yote ya .cd yangeweza kumjia yeye. Mwenye nia mbaya angejibu anavyotaka: benki iko huku, wizara iko huku. Angejipatia hata vyeti vinavyoweka alama ya kufuli kwenye kivinjari, na watu wangeandika pasiwedi zao wakidhani wako salama. Almroth hakufanya lolote kati ya hayo. Januari 2021 aliwaandikia wasimamizi, akajitolea kulirudisha jina bure, nao wakahamia scpt-network.net. Baada ya hapo ndipo alipoutangazia ulimwengu.

Namheshimu mtu huyu. Ila kuna kitu kinaniuma, na nitakisema hapa. Hakuvunja chochote. Hakuhitaji mashine kubwa. Aliuliza maswali ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuuliza, na nimeyauliza usiku huu kutoka chumbani kwangu: dig kwa seva za .cd, whois kwa tarehe ya mwisho ya jina. Majibu yamekuja kwa megabaiti chache kuliko picha moja ya simu. Jina la nchi ya watu milioni 90 na ushee lilikuwa mikononi mwa yeyote atakayewahi, na tulibahatika kwamba aliyewahi alikuwa mwema. Nataka wa kwanza kuona, safari nyingine, awe mtu wa Lubumbashi, au Goma, au Kinshasa. Nataka niwe mmoja wao.

Jumamosi, 9 Novemba

Radi mchana kutwa, kabini imefungwa, kwa hiyo nimeandika. Programu mpya inasoma faili ya majina ya tovuti, inauliza tarehe ya mwisho ya kila moja, na inapiga kelele zikibaki siku 60. Nimeweka humo shule, parokia, zahanati na maduka ya mjini. Tarehe hizi ziko wazi kwa umma, siingii kwa mtu. Sehemu ngumu imekuwa tarehe zenyewe. Kila msajili anaziandika kwa mtindo wake.

Shule moja ya jirani, yenye jina la .org, inaisha 14 Januari. Bado siku 66, programu imenyamaza, lakini mimi nimeona.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekwenda kwa Prefe, mkuu wa shule hiyo, na barua mkononi: nitaangalia nini, sitagusa nini, mwisho lini. Ameisoma mara mbili, ameuliza kama ninauza kitu, kisha ametia sahihi na muhuri. Idhini yangu ya kwanza.

Kutoka nje nilikuwa naona tarehe tu. Tangu sheria ya Ulaya ya faragha ianze kutumika 2018, wasajili wengi wanaficha jina la mwenyewe. Tumefungua majalada ya ofisi na Mama Katibu mpaka tukapata risiti ya kwanza. Jina la shule limesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mwalimu aliyehamia Kolwezi zamani. Maonyo yote ya kulipa yanakwenda kwake, kama bado anaifungua anwani hiyo. Shule haina ufunguo wa jina lake yenyewe.

Namba ya simu ya mwalimu huyo imepatikana, na Prefe atampigia kesho saa tatu nikiwa pale. Nimemwandikia Prefe maneno kwenye karatasi: asimwombe pasiwedi kwenye simu, hata kama mwalimu yuko tayari kuitaja. Aombwe aingie mwenyewe kwenye akaunti, aweke anwani ya ofisi badala ya yake, nasi tungoje ujumbe wa uthibitisho ufike kwa Mama Katibu kabla ya kukata simu.