Mzigo Mmoja, Safari Mbili

Wasomaji wetu wengi wamezowea kufunga mizigo ya safari ya namna moja. Aendaye shamba ajua achukue nini, na aendaye Makka huwa ameshafundishwa na waliomtangulia, hata uzi na sindano. Lakini sisi, katika likizo ya shule ya mwezi wa Julai mwaka uliopita, tulisafiri safari mbili kwa mpigo mmoja: siku tatu katika bustani za starehe za Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando huko Florida, kisha siku tatu baharini katika meli iendayo visiwa vya Bahamas na kurudi. Tulikuwa watu sita: sisi wazazi wawili, watoto wetu watatu, na Mama, mzee wa miaka 72, mzaliwa wa Lamu, ambaye sasa yu pamoja nasi Columbus katika jimbo la Ohio. Tumeonelea tuyaandike haya, si kwa kujionyesha, bali kwa kuwa jamaa zetu wengi walio Marekani na Kanada huulizana kila mwaka juu ya safari kama hii, na majibu wayapatayo aghalabu hayamtaji mwenye kuswali, wala mwenye mzee, wala mwenye maradhi.

Ugumu wa safari ya namna hii ni kwamba sehemu zake mbili zapingana. Bustani yamtaka mtu awe mwepesi, achukue mgongoni kile tu atakachokihitaji tangu asubuhi hadi usiku. Meli nayo humchukulia mizigo yake yote, ikampa chumba kidogo kilicho safi, ikamwambia apumzike. Mwenye kujifungia mzigo wa bustani tu atajikuta hana nguo ya kukalia mezani melini. Na mwenye kujifungia mzigo wa meli tu atakwenda bustanini kama bwana harusi aliyepotea njia.

Tuanze na bustani. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na leo mna bustani kubwa nne, kila moja yatosha kumchosha kijana, licha ya mzee. Julai ya Florida ni jua kali, na alasiri nyingi hupiga radi na kushuka mvua ya ghafla ambayo haimpi mtu nafasi ya kukunja mswala. Kwa hiyo jambo la kwanza ni viatu. Kila mmoja achukue jozi mbili, na zote ziwe zimeshavaliwa nyumbani hata zikamzowea mguu. Kijana wetu wa miaka 11 alishikilia kuvaa viatu vipya, akatushinda kwa maneno. Ilipofika adhuhuri ya siku ya pili alikuwa akitembea kama akanyagaye makaa. Pili ni maji. Chupa ziwe za plastiki au bati, kwani vioo haviruhusiwi kuingia. Chakula cha nyumbani chaingia bila ya taabu, na hapo ndipo visheti vya Mama, alivyovikaanga kwa siku nzima kabla ya safari, vilipotufaa mno. Melini ni kinyume: chakula kilichopikwa nyumbani hakipandi, ila kile kilichofungwa kiwandani na hakijafunguliwa. Visheti vyote vilipaswa vimalizike kabla ya Ijumaa, na twakiri kuwa hilo halikutushinda.

Meli, kwa kuogopa moto, hukataza vitu ambavyo nyumba zetu hazikosi. Pasi ya nguo haipandi, birika la umeme halipandi, mshumaa haupandi. Mama alikuwa ametia ndani ya sanduku udi wake na chetezo, maana kwake chumba kisichofukizwa si chumba. Tulipomweleza hakuteta. Alivitoa, akasema, "Chombo ni cha nahodha," akatia badala yake kichupa kidogo cha mafuta ya waridi.

Vitu vya ibada havina uzito, ila hakuna atakayetukumbusha isipokuwa sisi wenyewe. Tulichukua miswala miwili ya kitambaa chepesi, na kopo la plastiki la kujisafishia, kwani vyoo vya kule, vya bustanini na vya melini, vina karatasi tu. Binti yetu wa miaka 15 alichukua nguo mbili za kuogelea zinazositiri mwili; tulizichagua zisizo na zipu wala vifungo vya chuma, kwa kuwa chuma huharibu miteremko ya maji na watumishi humzuia aliyekivaa. Mabuibui tuliyapandisha pindo kwa vidole viwili. Kuhusu kupunguza Swala, tulihesabu siku zetu kabla ya kuondoka. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa yake hukatika. Sisi tulikaa Orlando chini ya hizo, kwa hiyo tukapunguza na kukusanya, nayo ni rehema kubwa kwa mwenye watoto katika umati ule. Ilipofika wakati twalitafuta kivuli mbali na njia ya watu, tukatandika. Hakuna aliyetusumbua. Katika bustani ya EPCOT kuna jengo la Moroko lenye mfano wa mnara wa Kutubia wa Marrakesh, na mdogo wetu wa miaka sita aliuliza mara tatu mlango wa msikiti u wapi.

Hati nazo zataka uangalifu. Raia wa Marekani akipanda meli iondokayo na kurudi bandari ile ile ya nchi hiyo, aweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha, na mtoto aliye chini ya miaka 16 hutoshwa na cheti peke yake. Hata hivyo, mwenye busara huchukua pasipoti, kwani akiugua akabaki Nassau hatapanda ndege ya kurudi bila ya hiyo. Asiye raia, kama Mama, huchukua kadi yake ya ukaazi na pasipoti ya nchi yake, na huuliza mapema masharti ya kila nchi ambako meli itatia nanga.

Sasa twafika penye kikapu.

Mama ana ugonjwa wa kisukari, na hudungwa sindano za insulini: moja ya asubuhi ya kutwa nzima, na nyingine kabla ya kila chakula. Dawa hiyo huharibiwa na joto kali, na huharibiwa pia ikiganda kwa barafu. Kwa hiyo yeye huiweka katika kifuko cha ubaridi, akaizungushia kitambaa isigusane na barafu, kisha kifuko akakitia ndani ya kikapu chake cha ukili alichokuja nacho kutoka Lamu. Humo humo hukaa leso nne, msahafu mdogo, tende, na miwani. Siku zote tatu za bustani kikapu kile hakikumtoka mkononi. Leso zake zilifanya kazi zaidi ya masanduku yetu yote: moja ilikuwa mwavuli, moja ilikuwa taulo, moja alijifunika mdogo wetu alipolala katika kigari, na moja ilitandikwa tukaswalia siku mswala uliponyeshewa.

Siku ya tatu tulikwenda Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Humo kumejengwa mji wa kubuni uitwao Harambe, kwa herufi moja ya mwisho, si mbili kama tulivyozowea. Waliousanifu, wakiongozwa na Joe Rohde, walizuru Afrika ya Mashariki, na Lamu ni mojawapo ya miji waliyoiiga. Kutoka hapo magari huwapeleka watu katika mbuga ya ekari 110 yenye twiga na ndovu walio hai. Watoto walikimbilia magari. Mama alibaki akiutazama ukuta. Nyufa zimechorwa makusudi, rangi imebanduliwa makusudi, na maneno ya Kiswahili yameandikwa milangoni na kuachwa yafifie. Aliupapasa ufa mmoja kwa kidole, akasema, "Kwetu twatafuta chokaa tuufiche ufa. Hawa wameulipia fundi auchonge." Hakusema kwa hasira. Nadhari yetu ni kwamba alifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa na kitu ndani yake tusichoweza kukitaja kwa jina.

Akaketi juu ya benchi, kikapu mapajani, amejitanda leso. Punde akaja bibi mmoja mtalii, mtu mwema wa uso, akamwuliza kikapu kile ni bei gani. Alimdhania kuwa ni mmoja wa wauzaji wa mji ule wa kubuni! Mama alicheka hata akajifuta machozi. Sisi hatukucheka. Tuliona haya, na lau tungeulizwa haya ile ilikuwa ya nini, tusingepata jibu la kutolea mbele za watu. Usiku ule, tulipokuwa tukifunga mizigo ya kwenda melini, tulimwambia Mama kwamba apumzishe mikono, kwamba kikapu hakifai ngazi za meli. Tukakitia chote, kama kilivyo, ndani ya sanduku kubwa. Alitutazama, akasema, "Haya, nyinyi ndio wenye safari."

Kutoka Orlando hadi Port Canaveral ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Bandarini mahamali huyapokea masanduku kando ya njia, yakiwa na vibandiko vyenye nambari ya chumba, na abiria hupanda mikono mitupu. Tuliona raha kubwa. Masanduku yenyewe hufika vyumbani alasiri, na mengine magharibi, kwa kuwa ni maelfu. Jambo hili tulilisoma kabla, tukalijua, wala halikutupitia akilini.

Adhuhuri tuliitwa mezani. Tulikuwa tumeandika mapema kuomba chakula halali, nacho kilikuwa tayari. Mama alinyoosha mkono chini ya kiti alipozowea kuweka kikapu chake, mkono ukarudi mtupu. Hakusema neno, alituangalia tu, na tukajua.

Tatizo halikuwa kula peke yake. Aliyekwisha kupata sindano ya asubuhi akikaa na njaa, sukari yaweza kushuka. Akila bila ya sindano ya chakula, yaweza kupanda. Mmoja wetu alikimbia kuulizia sanduku, akaambiwa kwa upole kwamba hakuna awezaye kulitoa katika rundo lile. Mwingine alimpeleka Mama kwa mganga wa meli. Alipimwa, akashauriwa ale kidogo tu, arudi kupimwa kila baada ya muda, na ikipanda sana watamdunga kutoka akiba yao. Tulikaa naye katika ukumbi mwembamba wa hospitali ya meli, ilhali juu yetu muziki wa kuondoka ulikuwa ukipigwa na watoto wa watu wakishangilia. Binti yetu alimshika mkono wa kulia. Kijana wetu, asiyejua kunyamaza, alinyamaza. Mara ya pili alipopimwa sukari ilikuwa imepanda. Mara ya tatu imepanda zaidi, na muuguzi akaanza kuitayarisha dawa yao. Hapo ndipo mmoja wetu alipoteremka mbio kutoka chumbani na kifuko mkononi. Sanduku lilikuwa limefika mlangoni, na kifuko, alhamdulillahi, kilikuwa kingali baridi.

Jioni ile tulimwomba Mama radhi. Alisema, "Nimesamehe zamani. Nipeni kikapu changu." Akakiweka kando ya mto wake, na tangu hapo kikawa chaenda naye hata mezani kwa chakula cha usiku, baina ya watu waliovaa suti.

Kuhusu kibla baharini, twawatahadharisha wasomaji. Dira ya simu yaweza kupotoshwa na chuma kingi cha meli, na meli yenyewe hugeuka. Kutoka upande ule wa dunia kibla ni kaskazini-mashariki. Tulipanda sitaha ya juu wakati wa jua kutua, tukaona kwamba mwenye kuelekea kibla, katika mwezi ule, huliacha jua nyuma kidogo ya bega lake la kushoto. Tukaangalia upande ule waangukia wapi katika chumba chetu. Mwenye kuswali faradhi husimama akiweza, na meli ikigeuka naye hugeuka. Mama hakuhitaji maelezo haya. Utotoni alivuka kwa jahazi kwenda Mombasa pamoja na baba yake, na hayo aliyaona kwa macho.

Usiku wa mwisho kila abiria hutakiwa aweke masanduku yake nje ya mlango wa chumba, yachukuliwe na kushushwa bandarini kabla ya mapambazuko. Safari hii tulikaa tukahesabu: dawa, hati, miwani, mswaki, nguo za kesho. Tuliridhika sana na nafsi zetu. Asubuhi kijana wetu aliamka akiwa na kaptula ya kulalia, akauliza suruali yake iko wapi. Suruali zake zote zilikuwa sandukuni, na sanduku lilikuwa limeshatangulia nchi kavu.

Mama alifungua kikapu, akatoa leso ya zambarau yenye korosho pembeni, akamfunga kiunoni kwa fundo la wavuvi. Hivyo ndivyo alivyopita mbele ya afisa wa uhamiaji. Yule bwana alitazama pasipoti, akatazama leso, akamtazama Mama aliyesimama nyuma yake na kikapu mkononi, akagonga mhuri.