Kompyuta inapopata homa, tutafute chanzo kabla ya kufungua mkoba

Kompyuta inapozima ghafla majumbani mwetu, hukumu hutangulia ushahidi. Mmoja atasema ni umeme, wa pili atasema ni kirusi, na wa tatu atasema mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Ni nadra kumpata mtu atakayeweka kiganja juu ya kasha lake na kuuliza: mbona ina joto kiasi hiki? Kwa wakazi wa Dar es Salaam, na hasa katika miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi, swali hilo linastahiki kuulizwa mwanzo kabisa.

Ninaandika haya kwa sababu ya kompyuta moja iliyopo nyumbani kwetu Charambe, Mbagala, wilayani Temeke. Haikununuliwa ikiwa nzima dukani. Niliiunda kipande kwa kipande, kwa vifaa vilivyotumika vinavyouzwa Kariakoo: kasha kutoka meza hii, mazabodi kutoka meza ile, na prosesa ya Intel Core i5-4570, toleo la mwaka 2013. Ni mashine ya kawaida kwa mizani ya leo, lakini kazi zake si haba. Binti yangu wa kidato cha pili husomea humo mitihani iliyopita, nami, nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, huhifadhi humo daftari la wanafunzi wa madrasa na orodha ya mfuko wa maziko. Zipo kaya 212 katika orodha hiyo, na kila kaya huchangia kidogo kidogo kila mwezi ili siku ya msiba pasiwe na kuhangaika.

Usiku mmoja wa Februari alifariki mzee wa mtaa wa pili. Vijana wake walifika kwangu baada ya Isha ili tuthibitishe michango na kutoa fedha za sanda, mbao na usafiri wa kwenda makaburini. Niliwasha kompyuta, ikawaka. Nilipofungua orodha na kuanza kuchapa, ikazima. Niliiwasha tena, ikazima mapema zaidi. Mara ya tatu haikufika hata kwenye orodha. Mweka hazina wetu, mzee aliyetumikia ofisi za umma tangu miaka ya sabini, alitoa daftari lake la mkono, akalifungua kwa mwanga wa tochi ya simu, akapata jina na michango yote. Kisha akaniambia kwa upole, "Ustadhi, daftari halipati homa."

Maneno yale hayakuwa ya kejeli. Kizazi chake kina sababu ya kuitazama mashine hii kwa jicho la tahadhari. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na wazee hao walifanya kazi kwa miaka mingi kwa kalamu na karatasi, na kazi ikaenda. Ilituchukua muda mrefu kuwashawishi wakubali orodha ya maziko iwekwe katika kompyuta. Ikiwa mashine itashindwa usiku ambao inahitajika kuliko usiku mwingine wowote, imani ya watu haitarudi kwa maelezo.

Katika kikao kilichofuata palitolewa pendekezo la kununua kompyuta mpya kwa shilingi 850,000 kutoka katika fungu la ukarabati wa msikiti. Fundi mmoja aliyeitazama mashine kwa dakika chache alikuwa amekwisha kusema kuwa prosesa na mazabodi vimekufa, na kwamba kuvibadili kungegharimu shilingi 320,000. Niliiomba kamati wiki moja. Fedha ile ilikuwa imetolewa na mama lishe, madereva wa bodaboda na wauza samaki wa Rangi Tatu kwa ajili ya paa la msikiti linalovuja. Haikustahiki kutumika kwa dhana.

Wale waliopitia somo la usuli fiqhi wanaikumbuka njia ya kutafuta illa iitwayo sabri na taqsimu: huorodheshwa sababu zote zinazowezekana, kisha huchunguzwa moja baada ya nyingine, zisizofaa zikaondolewa hadi ibaki ile inayosimama. Sikuona sababu ya njia hiyo kubaki kitabuni.

Sababu ya kwanza ilikuwa umeme wa mtaa. Hii iliondoka upesi, kwani kompyuta ilipozima, taa na feni ya dari viliendelea kufanya kazi. Ya pili ilikuwa pawasaplai. Rafiki yangu wa Tandika aliniazima yake iliyo nzima, nikaifunga, na kompyuta ikazima vilevile. Ya tatu ilikuwa kirusi. Hapa niliiacha mashine katika ukurasa wa bayosi, ule unaotangulia kabla ya programu nyingine zote kuanza, mahali ambapo kirusi cha kawaida hakina kazi. Ukurasa huo huonyesha joto la prosesa. Nililitazama likipanda taratibu hadi likavuka nyuzi 70 za Selsiasi, na hali mashine haikuwa na kazi yoyote. Ikabaki sababu moja: joto.

Yafaa tuelewe joto hilo linatoka wapi. Prosesa ya aina hii, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hutoa joto la hadi wati 84. Mwenye kuikumbuka balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60, anajua kuwa haishikiki ikiwa inawaka. Basi joto linaloizidi balbu hiyo hutoka katika kipande cha silikoni kinachokaribia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ili lisikiunguze, sharti liwe na njia ya kutokea. Njia hiyo ina vituo vitatu: kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza joto, ambacho ni pande la aluminiamu lenye mapezi mengi membamba, kutoka kwenye mapezi kwenda kwenye hewa inayosukumwa na feni, na kutoka ndani ya kasha kwenda nje chumbani. Kituo kimoja kikiziba, safari nzima hukwama. Joto likifika nyuzi 100 hivi, prosesa hujipunguzia kasi. Likizidi hapo, huzima ili ijiokoe. Kuzima huko ni kinga iliyowekwa na waliyoiunda.

Jambo jingine ni kwamba prosesa haiwezi kupoa kuliko chumba ilimo, maana feni haina baridi yake yenyewe. Hutumia hewa iliyopo. Mchana wa Januari na Februari, joto la Dar es Salaam hufika nyuzi 32, na chini ya mabati yasiyo na dari huzidi hapo. Mashine ile ile ambayo ingefanya kazi kwa raha katika chumba cha nyuzi 22 huanza safari yake kwetu ikiwa tayari imebeba mzigo wa nyuzi kumi.

Niliweka programu ya kupimia joto, nikamkabidhi binti yangu karatasi na kalamu awe mwandishi wa vipimo. Sharti letu lilikuwa moja: tubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, tupime, tuandike, ndipo tuendelee. Kipimo cha kwanza, mashine ikiwa imetulia, kilikuwa nyuzi 63. Ikifanya kazi, nyuzi 99, na kasi yake ikaporomoka kutoka gigahezi 3.2 hadi 0.8.

Tulianza na kituo cha mwisho, yaani chumba. Kompyuta ilikuwa imewekwa ndani ya kabati la vioo, na juu yake palikuwa na kitambaa kizuri cha kufuma, cheupe na kijani, kilichoning'inia hadi kufunika matundu ya nyuma. Kitambaa hicho ni kazi ya mikono ya mama yangu, naye alikitandika ili kuzuia vumbi la barabara yetu. Katika hilo la vumbi hakukosea, kama tutakavyoona. Lakini kukiondoa bila neno lingekuwa jambo la utovu wa adabu. Nilimwita, nikamwekea kiganja chake nyuma ya kasha ahisi hewa ya moto inayotoka.

"Mama, mashine hii hupumulia mgongoni," nilimwambia.

Akacheka. "Kumbe ina pua! Basi, mwanangu, kitambaa kiwe shuka yake ya usiku, ikishalala."

Ndivyo ilivyo hadi leo: mchana mashine iko wazi juu ya meza, shibiri moja kutoka ukutani, usiku, ikishazimwa na kupoa, hufunikwa. Kwa hatua hiyo pekee vipimo vilishuka hadi 54 na 92.

Kituo cha pili kilikuwa vumbi. Tulichomoa waya wa umeme, tukafungua kasha nje barazani. Baina ya mapezi ya kipoza joto palikuwa na blanketi la vumbi lililogandamana, kwa maana hewa yetu ya pwani ina unyevu, na vumbi lenye unyevu hushikana kama udongo wa mfinyanzi. Tulilitoa kwa brashi ndogo ya rangi, huku binti yangu akizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Vipimo vikawa 49 na 88.

Wengi hukomea hapo wakaridhika. Lakini binti yangu aliona jambo katika karatasi yake. "Baba, ukianzisha kazi, namba inaruka nyuzi thelathini kwa sekunde chache. Haipandi, inaruka." Hiyo ndiyo alama ya kukumbukwa na kila mwenye tatizo hili. Joto likipanda polepole kwa dakika kadhaa, shaka iwe kwenye hewa, feni na vumbi. Likiruka mara moja, shaka iwe kwenye mgusano wa prosesa na kipoza joto, kwani joto halipati hata kuingia njiani.

Tulikuta mambo mawili. Kipoza joto cha aina hii hushikiliwa na misumari minne ya plastiki inayobanwa kwenye mazabodi. Mmoja ulikuwa umechomoka, na kona moja ya kipoza imenyanyuka kidogo. Mashine iliyobebwa kwa bajaji katika mashimo ya Mbagala hufikwa na mengi. La pili, pesti ya kupitisha joto, ile inayopakwa baina ya nyuso mbili, ilikuwa imekauka kama chokaa. Pesti hiyo si pambo. Nyuso za chuma, hata ziwe laini machoni, zina vijishimo vilivyojaa hewa, na aluminiamu hupitisha joto mara maelfu kuliko hewa. Pesti huifukuza hewa hiyo. Baadhi ya watu hupaka dawa ya meno badala yake; hufaa kwa muda mfupi, kisha hukauka na kumrudisha mtu alikotoka.

Kwa mwenye kutaka kufanya kazi hii, utaratibu ni huu. Iwashe mashine dakika chache ili pesti ya zamani ilainike, kisha izime na uchomoe waya. Zungusha kila msumari robo mzunguko kufuata mshale, uuvute juu, kisha kizungushe kipoza taratibu kabla ya kukinyanyua. Usikivute kwa nguvu. Futa nyuso zote mbili kwa pamba iliyotiwa spiriti ya dawa, uache zikauke. Weka pesti katikati ya prosesa, kiasi cha punje ya choroko na isizidi, kwani pesti nene huwa pazia jingine. Rudisha misumari katika mkao wake wa awali, ukandamize kwa kukingamisha, kona na ile inayoikabili, hadi kila mmoja ulie. Mwisho tazama upande wa chini wa mazabodi: ncha zote nne ziwe zimetokeza sawasawa. Ukiwasha, hakikisha feni inazunguka.

Vipimo vya mwisho vilikuwa 43 na 68, ndani ya chumba cha nyuzi 32. Pesti, spiriti, pamba na brashi viligharimu shilingi 13,000. Nilivilipia mwenyewe, nikaiomba kamati iandike katika kumbukumbu zake kuwa fungu la paa halikuguswa. Prosesa iliyotangazwa kuwa imekufa ndiyo iliyochapa orodha ya wanafunzi wa madrasa Ijumaa iliyofuata.

Mafundi wetu wengi ni watu waaminifu na wenye ujuzi. Hata hivyo, mwenye mashine naye ana haki na wajibu wa kuuliza: umepima nini, na kipimo kilisema nini? Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na swali hilo.

Yapo mawili tuliyokubaliana katika kamati. La kwanza, mashine isafishwe mara mbili kwa mwaka, mwezi Novemba kabla ya kaskazi kuanza na mwezi Aprili inapokwisha, na pesti ibadilishwe kila baada ya miaka michache. La pili lilitoka kwa mzee wetu mweka hazina, na hakuna aliyelipinga: orodha ya maziko ichapwe kila mwisho wa mwezi na kubandikwa ndani ya daftari lake. Kompyuta hutafuta jina kwa haraka, daftari haliogopi joto, na amana ya kaya 212 zilizotuamini inahitaji vyote viwili.